Madoa kwenye majani ya mkalamu: kutambua chanzo kabla ya kushika bomba la dawa

Mkalamu ni ua la porini ambalo wengi wetu wa Mtwara na Lindi tumelizoea tangu utotoni, kwa kuwa tulilikuta vichakani kila msimu wa mvua, njiani kuelekea shamba, likiwa limejishikiza kwenye miti midogo kwa ncha za majani yake. Petali zake ni nyekundu zenye kingo za manjano, nazo hupinda kwenda juu mithili ya ndimi za moto. Wataalamu huuita mmea huu Gloriosa superba. Kiazi chake kikichimbwa kwa uangalifu na kupandwa kando ya uzio, huchipua mvua zinapoanza mwezi wa Novemba au Desemba, huchanua wakati mvua zimekolea, kisha shina na majani hukauka mvua zinapokatika mwezi wa Aprili au Mei, na kiazi hubaki kimelala ardhini hadi msimu unaofuata.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu ua hili ni moja: majani yametoka madoa, nipulizie nini? Jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi, nalo ni kwamba siwezi kutaja dawa kabla sijaliona jani lenyewe, tena nilione upande wa juu na upande wa chini. Doa ni dalili tu, wala si jina la ugonjwa. Ukungu huacha doa, bakteria huacha doa, utitiri huacha doa, jua huacha doa, chumvi ya bahari huacha doa, na dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo kutoka kwa jirani huacha doa pia. Dawa inayofaa kwa chanzo kimoja haina kazi kwa chanzo kingine, na mara nyingine huzidisha madhara.

Kuna jambo la pili ambalo ni vizuri kulikubali mapema. Doa lililokwisha kutokea halifutiki. Sehemu ya jani iliyokufa haiwi kijani tena hata ukiipulizia nini, kwa hiyo mtu anayepulizia dawa leo na kutazama jani lilelile kesho akitafuta nafuu atakata tamaa bure, au ataongeza dozi. Jani la kutazama ni lile changa linalofunguka juu, kwa sababu hilo likitoka safi na kubaki safi kwa wiki mbili, umeshinda.

Kabla ya kuendelea, naomba kila mwenye mkalamu nyumbani azingatie kwamba mmea huu wote ni sumu, kuanzia jani, ua na mbegu hadi kiazi, na kiazi ndicho chenye sumu kali zaidi. Sumu hiyo huitwa kolkisini. Viazi vyake vimewahi kudhaniwa kuwa viazi vya kuliwa na kuua watu. Vaa glovu unapokata majani, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, usiwape mbuzi majani uliyoyaondoa, na mtoto akitafuna sehemu yoyote ya mmea huu apelekwe hospitali mara moja hata kama bado anacheza, kwa kuwa dalili huchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa.

Siku tatu za kutazama

Mwaka jana kijana mmoja wa kike alinijia kutoka Mikindani akiwa na majani yaliyofungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo mama. Nimekuletea majani uyatazame, naona mkalamu wangu unakufa."

"Marahaba mwanangu. Haya umeyachuma juu au chini?"

Hakukumbuka. Tukalazimika kwenda pamoja kuutazama mmea wenyewe, na safari ile ilitufaa sote wawili, kwa sababu mahali doa lilipo kwenye mmea hueleza mambo mengi kuliko rangi ya doa lenyewe. Madoa yaliyoanzia kwenye majani ya chini kabisa, yaliyo karibu na udongo, kisha yakapanda ngazi kwa ngazi, kwa kawaida ni ya ukungu unaorushwa na matone ya mvua. Madoa yaliyoko upande mmoja tu wa mmea, yaani upande wa bahari, upande wa jua la mchana au upande wa shamba la jirani, ni alama ya kitu kilichotoka upande huo. Majani machanga ya juu yakiwa na kasoro ilhali ya chini ni mazima, fikiria kwanza wadudu wanaopenda sehemu laini, kisha upungufu wa madini. Yule binti madoa yake yalikuwa upande mmoja tu, na nitaeleza baadaye yalikuwa nini.

Baada ya kutazama mahali, ligeuze jani. Watu wengi hawafanyi hivyo. Kisha chukua kalamu ya wino na uchore mstari mwembamba kuzunguka madoa matano au sita kwenye majani tofauti, ukifuata ukingo wa kila doa, uandike tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukifunge kwenye shina kwa uzi. Rudi baada ya siku tatu. Doa lililovuka mstari lina kitu kilicho hai ndani yake, kiwe ukungu au bakteria. Doa lililobaki ndani ya mstari, wala hakuna jipya lililotokea kando yake, aghalabu ni jeraha: kitu kilichoma jani mara moja na kikaondoka. Kipimo hiki hakigharimu chochote, nacho kimeniokoa na ununuzi wa dawa nyingi nisizozihitaji.

Wakati unasubiri siku hizo tatu, fanya jaribio lingine. Chukua jani lenye madoa, liweke ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko juu ya karatasi laini iliyoloweshwa na kukamuliwa, ufunike na uliweke kivulini ndani ya nyumba. Unyevu ule humpa ukungu nafasi ya kujidhihirisha. Baada ya siku mbili au tatu, litazame doa kwa lenzi ya mkono, au kwa kamera ya simu ukiikuza picha. Vinyweleo vya kijivu au vyeusi kama masizi, au vidoti vidogo vilivyopangika kwa duara ndani ya doa, ni ukungu unaotoa vimbegu. Doa lililobaki kavu na tupu bila kuota kitu linakurudisha kwenye mawazo ya kuungua. Usisubiri zaidi ya siku nne, kwani jani lolote likioza ndani ya kopo litaota ukungu wa uozo ambao hauhusiani na ugonjwa wake wa awali.

Madoa yanayokua na kupanda juu mvua zinaponyesha

Hili ndilo tatizo kubwa la mkalamu wa bustanini, nalo linastahili maelezo marefu. Huanza kama kidoti cha rangi ya njano iliyofifia, pengine kidogo kuliko punje ya mtama. Baada ya siku chache katikati hugeuka kahawia, na kuzunguka kahawia hiyo hubaki ukingo wa manjano. Kwa kuwa mishipa ya jani la mkalamu hukimbia sambamba kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, doa halipanuki kama duara kamili, bali hurefuka kufuata mishipa hadi likawa na umbo la punje ya mpunga au la mtumbwi. Ukiliinua jani dhidi ya mwanga, mara nyingine utaona miduara ndani ya miduara. Madoa yakiongezeka huungana, ncha hukauka, na jani zima hunyauka likiwa bado limeshikilia shina.

Nchini India, ambako mkalamu hulimwa shambani kwa ajili ya mbegu zake zinazotumika kutengeneza dawa, ukungu wa makundi ya Alternaria na Curvularia ni miongoni mwa vyanzo vya mbabuko wa namna hii. Kwa mtunza bustani haina ulazima mkubwa kujua ni kundi lipi, kwa sababu maisha yao yanafanana: vimbegu hukaa kwenye majani makavu ya msimu uliopita yaliyoachwa chini, tone la mvua hugonga udongo na kuvirusha hadi jani la kwanza, kisha huhitaji jani libaki na maji kwa saa kadhaa ili viote na kupenya. Ukielewa mnyororo huo utaona kwamba una sehemu tatu za kuukata bila dawa yoyote: majani makavu chini, tone linalorukaruka, na maji yanayolala juu ya jani.

Sehemu ya tatu ndiyo tunayoikosea zaidi. Wengi wetu humwagilia jioni baada ya kutoka kazini, kwa mpira au kwa keni, tukiyaosha majani kutoka juu kwa nia njema kabisa ya kuondoa vumbi. Usiku wa pwani una unyevu mwingi, upepo hutulia, na jani lililoloweshwa saa kumi na mbili jioni linaweza kubaki na maji hadi jua lichomoze. Huko ni kuutandikia ukungu kitanda. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, taratibu, bila kugusa majani. Wakati mvua zinapopumzika mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, ambapo wengi huanza kumwagilia kwa wingi kwa hofu ya ukame, ndipo kosa hili huonekana wazi, kwa sababu mvua hainyeshi na bado madoa yanaendelea kupanda.

Tone linalorukaruka hudhibitiwa kwa matandazo. Tandaza nyasi kavu, maganda ya karanga au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze. Usitumie majani ya mkalamu wenyewe. Vilevile panda viazi kwa kuachana angalau sentimita 30, na usiuache mmea ujisonge kwenye uzio wa makuti mnene usiopitisha upepo. Nyaya au kamba zilizotandazwa mbele ya uzio huacha hewa ipite nyuma ya majani.

Kuondoa majani yaliyougua ni lazima, lakini hapa mkalamu una tabia yake. Ncha ya kila jani ndiyo mkono unaoushikilia mmea kwenye kiegemeo. Ukikata majani manne yaliyo na madoa kwa mara moja, unaweza kukuta shina lote limelala chini asubuhi inayofuata, na shina la mkalamu likivunjika kwenye msingi kwa kawaida hupati lingine msimu huo. Kwa hiyo funga shina kwanza kwa utepe wa kitambaa laini, sehemu mbili au tatu, ndipo ukate. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa wakati mmoja, kwa kuwa majani hayo ndiyo yanayotengeneza kiazi cha mwakani. Kata wakati majani ni makavu, si baada ya mvua, ufute mkasi kwa kitambaa chenye spiriti unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine, na majani uliyokata uyafukie mbali na bustani.

Hatua hizi zikifanyika mapema, mara nyingi hazihitaji nyongeza. Mvua zikiwa za mfululizo na madoa yamefika katikati ya mmea, dawa ya ukungu ina nafasi yake. Katika maduka ya pembejeo utapata dawa zenye mankozebu au zenye shaba. Nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye lebo inayosomeka, na ufuate kipimo cha lebo hiyo. Dawa za aina hii hukaa juu ya jani kama ngao, haziingii ndani, na ndiyo sababu hupuliziwa upande wa juu na wa chini, asubuhi umande ukishakauka, na kurudiwa kwa muda uliotajwa kwenye lebo hadi mvua zipungue.

Anayependa kujitengenezea anaweza kuchanganya mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati, na chokaa, mchanganyiko wa zamani unaoheshimika hadi leo. Kwa lita 10 za maji tumia gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Yeyusha mrututu katika lita tano kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya chuma, koroga chokaa katika lita tano kwenye ndoo nyingine, kisha mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga, na uchuje kwa kitambaa. Mchanganyiko unatakiwa uwe wa rangi ya samawati. Chokaa iliyokaa wazi kwa miezi hupoteza nguvu, hivyo pima kwa msumari: chukua msumari safi usio na kutu, usugue, uchovye kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu kama sarafu ya shaba, mrututu umezidi na majani yataungua. Ongeza chokaa kidogo kidogo na upime tena hadi msumari utoke bila utando. Tumia siku hiyohiyo, maana ukilala hauna kazi. Kwa mkalamu mimi hutumia nusu ya nguvu hiyo, yaani gramu 50 kwa 50 katika lita 10, kwa sababu majani yake machanga ni laini, na hujaribu kwanza kwenye majani mawili nikasubiri siku mbili. Linda macho yako, kwani mrututu huyadhuru vibaya.

Madoa yasiyokua

Sasa nirudi kwa binti wa Mikindani. Nyumba yake iko karibu na maji, na madoa yalikuwa yote upande wa majani unaotazama bahari: kingo na ncha zimekauka rangi ya karatasi ya kaki, bila ukingo wa manjano, bila kidoti chochote cheusi. Nilimwomba alambe kidole chake baada ya kukipitisha juu ya jani la mpera uliokuwa jirani, si la mkalamu, nikasisitiza hilo mara mbili, naye akasikia chumvi. Upepo ulikuwa umeyapaka majani rasharasha za bahari kwa wiki nzima bila mvua ya kuyaosha. Tuliyaosha kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi, tukahamisha kiegemeo nyuma ya kichaka cha bogenvilia, na majani yaliyofuata yalitoka mazima. Chumvi inaweza pia kutoka chini: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na hapo ncha za majani ya zamani hukauka kwanza pande zote za mmea, na utando mweupe huonekana juu ya udongo unapokauka. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo suluhisho.

Doa jeupe au la rangi ya majivu, kubwa, lililo katikati ya jani mahali linapokutana na jua la mchana, hutokea mmea ulioota kivulini unapohamishwa ghafla au kivuli chake kinapokatwa. Mkalamu hupenda kichwa kiwe kwenye mwanga na miguu kwenye kivuli, jinsi unavyoota vichakani.

Dawa ya magugu huleta sura yake. Jirani anapopulizia dawa ya kuunguza magugu siku ya upepo, matone madogo huangukia majani yako, na kesho yake au siku ya pili unaona vidoti vikavu vya mviringo, vimetawanyika kama mtu amenyunyiza, kwenye mimea ya kila aina kwa wakati mmoja: mkalamu, mchicha, mpapai na hata magugu yaliyo ndani ya uzio wako. Hilo la mimea ya kila aina ndilo la kushika. Ugonjwa huchagua mmea wake, lakini dawa inayounguza haichagui. Hakuna la kufanya isipokuwa kuosha majani mapema ukiliona tukio, na kuzungumza na jirani kwa upole kuhusu kupulizia asubuhi kabla upepo haujaamka.

Kisha kuna salfa, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nililifanya mwenyewe. Huku kwetu salfa haikosekani nyumbani, maana kila mwenye mikorosho huipulizia kuanzia mwezi wa Juni dhidi ya ubwiriunga, na ikibaki huwekwa stoo. Msimu wa kwanza nilipopanda mkalamu nyumbani Shangani, niliona madoa ya kahawia mwezi wa Januari, nikaenda duka la pembejeo kuuliza, na muuzaji akanitolea chupa ya dawa ya wadudu kabla sijamaliza kueleza. "Mama, hii inaua kila kitu," alisema. Sikuinunua, lakini nilirudi nyumbani nikachukua salfa nikaipulizia saa sita mchana, nikiamini kwamba kinachotibu mkorosho kitatibu na ua. Baada ya siku mbili kingo za majani zilikuwa zimeungua, na madoa ya awali yaliendelea kupanda kama kawaida. Salfa ni nzuri kwa ubwiriunga, ambao ni unga mweupe ulio juu ya jani na unaofutika kwa kidole, na husaidia kidogo dhidi ya utitiri. Kwa madoa ya kahawia yaliyozama ndani ya jani ni dhaifu, na katika joto linalozidi nyuzi 32 huunguza. Usiichanganye na mafuta ya mwarobaini wala kuyapulizia hayo mawili ndani ya wiki mbili, kwa kuwa pamoja huunguza zaidi.

Vidoti vidogo sana, na jani linaloonekana kama limepaukiwa

Ukiona jani limepoteza kijani chake kwa maelfu ya vidoti vidogo kama limechomwa kwa ncha ya sindano, weka karatasi nyeupe chini yake na uligonge jani mara tatu kwa kidole. Subiri kidogo. Chembe zilizoangukia karatasi zikianza kutembea, pitisha kiganja juu yake: michirizi myekundu au ya kahawia ni utitiri. Hawa hupenda ukame na vumbi, kwa hiyo huja wakati ambapo ukungu umepumzika, na mara nyingi utaona utando mwembamba wa buibui chini ya jani. Osha upande wa chini kwa maji yenye nguvu asubuhi kwa siku tatu mfululizo, kisha pulizia maji yenye sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jua likiwa halijakolea. Mafuta ya mwarobaini nayo hufaa. Dawa kali za wadudu huua pia wadudu wanaowala utitiri, na matokeo yake ni kwamba wiki tatu baadaye utitiri huwa wengi kuliko mwanzo.

Michirizi ya rangi ya fedha pamoja na vinyesi vidogo vyeusi ni ya vithiripi, wadudu wembamba na wadogo sana, na tiba yake ni ileile. Bustani ikipakana na mikorosho, mtazame pia mbu wa mikorosho, mdudu mwembamba mwenye miguu na vipapasio virefu, ambaye hufyonza machipukizi laini ya mikorosho, miembe na mipera, na kila alipochoma hubaki doa jeusi lenye pembe pembe linalofanana mno na ugonjwa. Tofauti ni kwamba madoa yake hutokea kwa usiku mmoja, kwenye sehemu laini tu, na kopo lako la unyevu halitaotesha kitu. Mtafute asubuhi mapema au jioni.

Madoa yenye majimaji, na michirizi isiyo na tiba

Doa la bakteria huonekana limelowa, kama tone la mafuta lililoingia kwenye karatasi, na ukiliinua jani dhidi ya mwanga sehemu hiyo hupitisha nuru. Kata kipande kipitacho kwenye ukingo wa doa, kitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji safi na utazame dhidi ya kitu cheusi. Uzi mweupe kama moshi ukishuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria. Kata majani hayo, acha kabisa kulowesha mmea, na tumia dawa ya shaba kulinda yaliyobaki. Dawa nyingine za ukungu hazina kazi hapa.

Michirizi ya kijani kilichofifia na njano inayokimbia kwa urefu wa jani, kuanzia jani la chini hadi la juu, pamoja na maua yenye mabaka yasiyo ya kawaida, ni alama ya virusi, ambavyo huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza majani, na hukaa ndani ya kiazi. Hakuna dawa. Ng'oa mmea pamoja na kiazi chake na uufukie mbali, usigawe viazi vyake kwa rafiki, kisha dhibiti vidukari kwa maji ya sabuni. Najua ilivyo vigumu kung'oa mmea unaochanua, lakini kuuacha ni kuipa bustani nzima virusi hivyo.

Umanjano wa Aprili

Kila mwaka mimi huletewa mikalamu "iliyougua" wakati mvua zinakatika, na mingi haina ugonjwa wowote. Majani huanza kuwa ya manjano kwa pamoja, kutoka chini hadi juu, kwa rangi iliyo sawa, maganda ya mbegu yakiwa yamekomaa. Huo ni usingizi wake. Usimwagilie, usipulizie, usikate shina likiwa bado na kijani, kwa sababu chakula kinashuka kiazini. Likikauka kabisa, likate, kusanya kila jani lililoanguka pamoja na matandazo yaliyokuwa chini yake, na uyachome au uyafukie, maana hayo ndiyo ghala la vimbegu vya ukungu vya Desemba ijayo.

Chimba kiazi kimoja kwa mkono ili ukikague. Kiwe kigumu, cheupe ndani, chenye matawi mawili kama herufi V, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha ya tawi. Ncha hiyo huvunjika kwa urahisi mno na ikivunjika tawi lile halichipui. Kiazi laini, chenye harufu mbaya au nyuzi nyeupe za ukungu juu yake, kitupwe pamoja na udongo uliokizunguka. Vizima vinaweza kubaki ardhini ikiwa mahali hapo hapatuami maji wala hapamwagiliwi kwa ajili ya mboga. Vinginevyo viweke kwenye boksi lenye mchanga mkavu, juu ya rafu ambayo watoto hawaifikii, uandike SUMU kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi, kwa sababu kiazi cha mkalamu kikikauka kidogo hufanana sana na kiazi cha kupika.